Faki na Cheti cha Kimya

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kwamba hewa nayo yaweza kuwa na mwenyewe, palikuwa na mji ukiitwa Makutini. Jina hilo ulilipata kwa haki, kwani ukiondoa jumba la Sultani na msikiti, kila paa lilikuwa la makuti, na makuti hayo yakikauka wakati wa kaskazi hayakungoja ila cheche moja. Basi mji ukaweka mlinzi wa moto, naye akiitwa Faki. Hakuwa na kitu Faki. Alikuwa na kanzu moja, ambayo siku ya kufuliwa ilimfungia ndani, na ulimi ambao haukupata kufungiwa popote, na baragumu la pembe aliloachiwa na babake. Kutwa alikaa juu ya mnara wa udongo akitazama mapaa, na akiona moshi usiokuwa wa jikoni hulipiga baragumu: mlio mmoja ikiwa moto uko mtaa wa Juu, miwili ukiwa mtaa wa Kati, mitatu ukiwa mtaa wa Chini.

Huko mtaa wa Chini ndiko alikokaa yeye na mkewe, Bi Mize. Bi Mize alikuwa ameugua homa miaka sita kabla ya hapo, na tangu homa ile hakuweza kusimama. Majirani wakapeana naye ahadi, kwamba baragumu likilia mara tatu, kabla mtu hajaokoa sufuria wala mkeka wake, wanaume wanne watakwenda kumtoa Bi Mize pamoja na kitanda chake. Ahadi hiyo ndiyo iliyompa Faki moyo wa kukaa mnarani kutwa, na huku mkewe yuko chini ya makuti makavu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Siku moja Sultani Mahfudhi alimtuma mpiga mbiu atangaze mjini sifa zake mpya, maana zile za zamani zilikuwa zimemchosha. Mpiga mbiu akasimama sokoni, akavuta pumzi, akasema kwa sauti kuu, "Enyi watu, Sultani wetu ni," na hapo hapo mwuza pweza akapita akinadi biashara yake, na upande wa pili zumari la harusi likapiga, ikawa watu waliosimama sokoni siku ile wote walisikia vizuri kabisa kwamba Sultani wetu ni pweza mkavu. Kuna waliocheka mpaka wakakaa chini. Habari ikafika jumbani kabla mpiga mbiu hajafika.

Sultani akakasirika, akamwita waziri wake, Badawi. Huyu Badawi alikuwa mtu wa karatasi. Nasikia hata mkewe akitaka chumvi humwandikia. Akasema, "Maulana, kosa si la mwuza pweza. Hewa imejaa, na sauti zinagongana humo kwa kuwa hazina mpangilio. Na hewa ya mji huu ni ya nani kama si yako? Amuru kila sauti iandikwe daftarini, na kila mwenye sauti apewe cheti chenye muhuri, wala mtu asiguse sauti ya mwenziwe ila kwa idhini ya mwenyewe, tena ya maandishi. Na kilichopigwa muhuri kisifutwe na mtu, hata nawe usikifute, ila mwenyewe akirudishe kwa hiari yake."

Sultani akapendezwa, akaapa mbele ya kadhi na wageni kwamba itakuwa hivyo. Ikawa mwuza kahawa anaandikisha mgongano wa vikombe vyake, fundi chuma nyundo yake, na mwanamke mmoja wa mtaa wa Juu akaandikisha namna anavyomwita mumewe, asije mwingine akamwita vile. Kilichosamehewa ni kikohozi tu, kwani Sultani mwenyewe alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, na Badawi hakuthubutu kumwandikia bwana wake cheti cha kukohoa.

Basi Faki naye akaja jumbani na baragumu lake kwapani. Badawi akalifunua daftari mbele yake ukurasa kwa ukurasa kutafuta nafasi, kisha akamkabidhi hati ya maombi yenye mistari saba. Mstari wa kwanza jina, wa pili makao, wa tatu chombo, wa nne sababu, na wa tano uliuliza: Taja siku na saa utakapoitumia sauti hii. Faki akausoma, akausoma tena, akauliza, "Bwana waziri, hapa naandika nini?"

"Andika siku na saa," akasema Badawi. "Mwenye zumari ameandika Ijumaa alasiri. Wewe una shida gani?"

"Mwenye zumari hualikwa, bwana. Mimi moto haujapata kunialika."

"Basi kauulize."

Sultani, aliyekuwa ameketi pale akila tende, akaona jambo lile ni la kuchekesha, akasema, "Waziri amesema kweli. Ewe Faki, nakupa siku saba. Niletee siku na saa ya kila moto utakaozuka katika mji wangu mwaka huu, nawe utapata cheti. Usipoleta, pembe hiyo itakatwa vifungo vya joho la waziri." Basi askari wakalichukua baragumu, wakalitia ghalani, na Badawi akaanza kuhesabu matundu ya joho lake.

Faki akarudi nyumbani mikono mitupu. Ulikuwa mwezi wa kaskazi kali, na upepo ulikuwa ukiyatikisa makuti juu ya kitanda cha Bi Mize. Akaketi kizingitini asiseme neno. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanamke yule aliogopa kumwacha hata kwenda kisimani, kwa kuwa aliuona moto kila alipofumba macho, na akajiona yeye yuko mbali akipayuka na hakuna anayemsikia.

Bi Mize akamtazama weee, kisha akasema, "Mume wangu, wewe umenichosha kwa maneno miaka kumi na minne, leo ndiyo siku ya kuninyamazia? Au wamekuuzia kimya huko jumbani?"

Faki akainua kichwa. "Umesemaje?"

"Nimesema zungumza. Au na kimya nacho siku hizi kina cheti?"

Faki akasimama, akavaa kofia. "Bi Mize," akasema, "hakina. Hakina hata kidogo. Nimeliona daftari lile ukurasa kwa ukurasa, hakimo." Akatoka mbio, na mkewe akabaki akijiuliza kama amefiwa na mume mwenye akili au amepata mwingine.

Akafika barazani, akapiga magoti, akasema, "Maulana, Mungu akuzidishie umri. Moto nimeuuliza, haujanijibu bado. Lakini nami ni raia wako, naona haya kuishi bila cheti, kila mtu anacho. Naomba uniandikie kitu kisichotakiwa na yeyote."

"Kitu gani?" akauliza Sultani.

"Kimya, bwana wangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Badawi akalipekua daftari tangu mwanzo hata mwisho, akaona kweli kimya hakijaandikwa, na kwa kuwa hakuna kilichomkera kama pengo daftarini, akafurahi kulijaza. Alipofika mstari wa tano Faki akasema, "Siku zote, saa zote," na Sultani akasema, "Mwandikie, masikini wa watu, hakimdhuru mtu." Muhuri ukapigwa. Faki akakibusu cheti, akakikunja, akakitia ndani ya kofia.

Hata asubuhi yake baraza likakusanyika, na mlinda mlango akasema kama ilivyo ada, "Nyamazeni." Watu wakanyamaza. Faki akajitokeza, akakikunjua cheti chake mbele ya kadhi. "Enyi waungwana," akasema, "kimya mnachokitumia ni changu, na kina muhuri wa Sultani. Sijampa mtu idhini."

Kadhi akakisoma cheti, akakigeuza, akakisoma tena. Akatamka kwamba sheria iko wazi, kila anyamazaye bila idhini ya Faki amegusa mali ya mwenziwe. Mtu mmoja wa nyuma akauliza kwa woga, "Na sisi tusio na cheti cha sauti yoyote, wala kimya si chetu, tufanye nini?"

"Kohoeni," akasema Faki. "Kikohozi kimesamehewa."

Basi wakakohoa. Wazee wakakohoa, mashahidi wakakohoa, askari wenye mikuki wakakohoa, na waziri Badawi, ambaye aliipenda sheria kuliko mtu yeyote, akakohoa kwa bidii mpaka kilemba kikamwendea upande. Kesi ya mbuzi iliyoletwa siku ile haikusikika hata neno, na nasikia yule mbuzi amekufa kwa uzee bila kujulikana ni wa nani.

Habari ikaenea mjini, na watu wa Makutini, mnavyowajua, walipoambiwa kwamba kelele ndiyo utii, wakawa watiifu kupita kiasi. Fundi chuma aligonga hata alipokuwa hana chuma. Wanawake walitwanga vinu vitupu, mwenye zumari akapiga tangu alfajiri, na kila asiyekuwa na chombo alikohoa mlangoni kwake. Kati ya hayo Sultani alitaka usingizi wake wa mchana. Akajitupa kitandani, asipate. Akatia pamba masikioni, asipate. Siku ya pili pia hakupata, na alipowaambia watumishi wake wakae kimya wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba wao hawana idhini, kisha wakakohoa. Siku ya tatu macho yake yalikuwa mekundu, akamtukana mpishi, akamwomba radhi mpishi, akaamuru Faki aletwe.

Faki akaja, na hati ya maombi mkononi.

"Ewe Faki," akasema Sultani, naye akizungumza kwa nguvu ili asikike, "nipe kimya. Saa moja tu, nilale."

"Ni chako, bwana wangu, utakapojaza hati. Waziri ameniazima mfano wake." Akaikunjua. "Jina lako nalijua. Makao ni haya. Chombo ni kitanda. Sababu ni uchovu. Sasa mstari wa tano: taja siku na saa usingizi utakapokushika."

"Nitajuaje?" akasema Sultani. "Usingizi huja wenyewe. Mtu yuko anazungumza, mara umemchukua. Nani apangaye nao saa?"

Faki aliishusha ile karatasi, akamtazama Sultani, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, haikuwa na mzaha. "Na moto ndivyo ufanyavyo, maulana. Nami nina mke asiyeweza kusimama, chini ya makuti, na leo ni siku ya sita baragumu liko ghalani mwako."

Sultani hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Akamwuliza Faki mkewe yuko na nani kwa sasa, Faki akasema yuko na jirani mmoja kizee aliyekubali kukaa mlangoni. Sultani akaona haya, na haya zilipompanda usoni, kicheko nacho kikampanda, kwa kuwa alimwona Badawi amesimama nyuma ya nguzo akikohoa kwa zamu, mara mbili na kupumzika, mara mbili na kupumzika. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaagiza baragumu, na hati ya Faki ya kwanza, na kalamu. Katika mstari wa tano akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Siku yoyote, saa yoyote, asiulizwe. Akapiga muhuri.

"Waliobaki wakitaka kurudisha vyeti vyao warudishe," akasema. "Nawe, Faki, nirudishie hicho cha kimya, nami nitakupa ng'ombe wawili na kanzu mbili."

"Kanzu nazitaka, bwana, na ng'ombe hawajapata kunichukiza," akasema Faki. "Lakini kimya sikirudishi chote. Nitabakiza kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Baragumu likilia, kila mtu anyamaze alipo, ngoma inyamaze, zumari linyamaze, na mbiu yako pia inyamaze, mpaka watu wahesabu milio na kujua ni mtaa gani. Saa nyingine zote nakuachia ulale."

Badawi akafungua kinywa kutaka kusema kwamba mbiu ya Sultani hainyamazi kwa mtu. Sultani akamwangalia, naye akakifunga. Muhuri ukapigwa mara ya tatu, na Sultani akalala palepale kwenye kiti, kabla wino haujakauka.

Haukupita mwezi. Ilikuwa siku ya sikukuu, Sultani amesimama uwanjani mbele ya mji mzima, na safari hii alikuwa akizitaja sifa zake kwa kinywa chake mwenyewe ili zisichanganyike. Akasema, "Mimi, Mahfudhi, ndimi," na baragumu likalia. Sultani akanyamaza, mkono uko juu, kinywa kiko wazi. Mji wote ukanyamaza, vikombe vya kahawa vikashikwa visigongane, na katika kimya kile kila mtu akahesabu. Mmoja. Miwili. Mitatu.

Nyumba tisa ziliteketea siku ile mtaa wa Chini, na ya Faki ilikuwa mojawapo. Lakini alipofika akihema, kanzu mpya imemchanika, alimkuta Bi Mize katikati ya njia juu ya kitanda chake, amejaa masizi, anawagombeza wanaume wanne kwamba wamemkalisha juani. Faki akaketi chini ukingoni mwa kitanda kile, akaushika mguu wa mkewe usiosikia kitu, akalia mbele ya watu bila kuona haya.

Na Sultani, wanasema, uwanjani pale hakumaliza maneno yake. Alishusha mkono, akavua joho, akaenda kupokezana ndoo na watu.