Mto Haukukumbuki

"Unaukumbuka mto, mto haukukumbuki." Ndivyo mlivyomsikia shangazi yenu akimwambia kaka yenu jana, nanyi mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwako Nakiete, binti wa Upare milimani, aliyeolewa Pangani. Mumewe alikuwa mwema na kitoweo hakikukosekana, lakini maji ya kisima cha huko yalikuwa ya chumvichumvi. Kila alipoyanywa alifumba macho akakiwaza kijito cha kwao, maji baridi hata meno yanakufa ganzi.

"Utanipeleka lini nikayanywe?" alikuwa akimuuliza mumewe.

Watoto wakaja, miaka ikapita, safari haikupatikana.

Aliipata mwaka wa masika makubwa, mvua zilipokatika. Aliposhuka kwenye gari hakwenda nyumbani kwanza, alikwenda mtoni. Maji yalikuwa maangavu, kokoto zikionekana chini, kama alivyoyaacha. Akapiga magoti, akateka kwa viganja, akanywa hadi machozi yakamtoka.

Majirani walimwona wakamwambia mama yake, naye akaja mbio. Hakumkumbatia.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama. Ni yaleyale."

"Si yaleyale, mwanangu. Huko juu wameweka gulio, na mvua imezoa vyoo vyao vyote. Watu wanaharisha na kutapika, tumekwisha zika. Sisi hatuyanywi bila kuyachemsha."

"Lakini mto huu ndio ulionilea."

Mama alimshika mkono, akamwinua. "Wewe unaukumbuka mto. Mto haukukumbuki."

Kesho yake kipindupindu kikamshika. Aliharisha maji kama ya kuoshea mchele, macho yakadidimia, sauti ikapotea. Vijana wakambeba kwa machela kwenda zahanati, na njia nzima mama yake alimnywesha maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, akimsihi asilale. Akapona.

Siku ya kuondoka alisimama ukingoni bila kuinama. Alisikiliza tu maji yakipita, sauti ileile iliyombembeleza utotoni.

Huko Pangani hakuacha kuyaota. Wanawe walipomuuliza kwa nini hawaendi kuyaonja maji hayo aliyoyasifu sana, aliwajibu kwa maneno ya mama yake, polepole, kama mtu amtajaye mpenzi aliyemsahau:

"Unaukumbuka mto, mto haukukumbuki."