Karatasi ya Bwana Kiboko

Hadithi!
Ilete!
Niilete na mkia?
Na masharubu yake!

Hapo kale Kiboko alijaa mtoni akanguruma, "Mto wangu! Wa kuoga mimi, wa kunywa mimi!"

Wanyama wakamwuliza, "Umeandikwa wapi kuwa ni wako?"

Kiboko akatoka majini. Akaenda kwa Mama Panya, aliyejua kutengeneza karatasi, maana wanawe saba walikuwa wakijifunza herufi.

"Wee Panya! Nitengenezee karatasi ya mto. Kuanzia leo, asiye na karatasi asitie hata ukucha majini!"

"Na wanangu watakunywa nini, bwana mkubwa?"

"Walambe umande."

Panya akawatazama wanawe, midomo imekauka. Akasema, "Nipe ndoo moja ya maji ya kazi. Karatasi utapata."

Akaokota magazeti ya kufungia vitumbua, mifuko ya unga, trei za mayai. Akararua, chwaa chwaa. Akaroweka. Akatwanga, twi twi twi. Rojo akaichuja kwa chekecheo, akaianika juani. Siku zote huitia uji wa muhogo ili karatasi ishikamane. Safari hii uji aliwanywesha wanawe.

Kiboko akaja. "Andika, na usiniharibie jina!"

Panya akaandika kwa mkaa: MTO WA KIBOKO.

"Utaiweka wapi, bwana? Huku juu kuna wezi."

"Kwangu, chini kabisa ya mto!"

Chubwi! Karatasi ikavimba, ikachanika, ikawa rojo, ikaenda na maji. Kiboko akaibuka na vipande mdomoni.

"Panya! Karatasi iko wapi?"

Panya akapanda juu ya jiwe, wanyama wote nyuma yake. Akapaza sauti:

"Asiye na karatasi asitie hata ukucha majini! Toka!"

"Toka!" wanyama wakaitikia.

"Nitengenezee nyingine!"

"Tengeneza mwenyewe. Kinu kile pale."

Kiboko akatoka, pwata pwata, akaketi mchangani na trei ya mayai. Akararua kidogo, akatafuna nyingi. Huku nyuma watoto saba wa Panya wanaruka mtoni, chubwi, chubwi, chubwi, na mama yao anawaambia wasiharakishe kutoka.

Fundisho lake, watoto: mkubwa hakosei. Akikosea, laumuni maji.

Hadithi yangu imekauka. Ianueni.