Mwaridi Katika Shimo la Matumbawe

Hapo zamani, katika mji wa Mwambajuu uliojengwa juu ya matumbawe matupu, mwanamke mmoja alipika uji wa mgonjwa kwa kuni ambazo hazikuwa kuni.

Mwanamke huyo aliitwa Mwanate. Alikuwa mjane wa Shekue, na mumewe alipofariki hakurudi kwao. Alibaki kumtunza baba mkwe wake, Mzee Famau, akilala katika chumba kimoja kilichokuwa ndani ya bustani ya mzee. Bustani kwa jina tu, maana ardhi yake ilikuwa mawe meupe na chumvi. Jembe likiigusa lilirudi juu likilia. Hata mchicha uliikataa.

Mzee Famau alikwenda Hija, akarudi mgonjwa, amelazwa kwenye machela, na mchukuzi nyuma yake amebeba furushi la gunia bichi. Furushi likawekwa jikoni, karibu na mafiga. Mwanate alilifungua akaona vijiti vinne vya miiba, vyeusi, visivyo na jani hata moja, na mizizi yake mitupu isiyo na punje ya udongo. Alistaajabu kwamba mzee alikumbuka hata kuni katika safari ile ndefu. Akatia vitatu motoni. Vikatoa moshi mwingi, vikalia, kisha vikashika.

"Mwanangu," akasema mzee alipoletewa uji, "furushi langu liko wapi?"

"Lile la kuni, Baba?"

Mzee akakiweka kijiko chini. "La nini?"

"La kuni. Vile vijiti vya miiba."

"Subhanallah! Mwanate, umenipikia uji kwa miwaridi ya Hijazi."

Mwanate akageuka pale pale. Alikimbia jikoni, akaukuta mche wa nne umelala kando ya figa, umeunguzwa ncha moja. Akaurudisha mikononi kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenziwe aliyeanguka. Alingoja maneno makali. Mzee akautazama mche, akautazama uji, akanywa kijiko kimoja.

"Ni mtamu," akasema. "Wala usimwambie mtu. Mmoja unatosha. Mizizi hii haijafa, mwanangu, imelala tu. Itie katika maji ya mvua, si ya kisima, ikae mchana na usiku. Na kesho uniletee Kupi."

Kupi alikuwa mkata mawe, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Alikuja na tindo, nyundo na mtaimbo, akaitazama ardhi ile, akacheka.

"Mzee, hapa watu huchimba kisima, hawapandi maua."

"Chimba kana kwamba ni kisima, lakini usifikie maji."

"Nitachimba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akasema Kupi mbele ya majirani, "na sitaki kitu, wala leo wala kesho."

Alivunja mwamba tangu alfajiri. Alfajiri akiwa juu, adhuhuri shimo likimfika magotini, alasiri likimfika kiunoni. Lilipomfika kiunoni, kipande cha tumbawe kiliruka kutoka kwenye tindo kikaingia katika jicho lake la kushoto. Mwanate alisikia yowe moja, kisha kimya. Alipofika ukingoni alimwona Kupi amesimama ndani ya shimo, mkono mmoja usoni, damu ikimpita katikati ya vidole, na mkono wa pili bado unapiga nyundo.

"Toka, Kupi! Toka, ndugu yangu!"

"Limebaki kona moja," akasema. Akaimaliza kona, ndipo akatoka. Jicho halikuona tena.

Shimo likapatikana, lakini shimo si udongo. Basi akaja Lali, mchimba makaburi, mtu mwembamba asiyeulizwa mambo mengi. Kupi, amefungwa kitambaa cheupe usoni, alimwona akiingia mlangoni na pakacha mabegani.

"Tazameni, amekuja! Huyu akikusalimia, anakupima urefu."

"Wewe nimekwisha kukupima, Kupi. Ninafikiri tu nikupunguzie kiasi gani kwa jicho lililotangulia."

Wakacheka wote, na Kupi akacheka kuliko wote, akishika kitambaa chake.

Lali alileta mapakacha saba ya udongo mweusi, laini, wenye kunuka mvua. Mwanate aliutia mkono. Katika maisha yake yote hakupata kuona udongo wa namna ile Mwambajuu.

"Umeutoa wapi, Bwana Lali?"

"Ni udongo wa Mungu, Bi Mwanate."

Hakuuliza mara ya pili.

Mzee Famau aliamuru akalishwe mlangoni, akamwongoza Mwanate kwa maneno. Jaza nusu. Fanya kilima katikati ya shimo, mfano wa bakuli lililopinduliwa. Kata mzizi uliovunjika, usiuhurumie. Kalisha mche juu ya kilima, uteremshe mizizi pande zote kama vidole vya mtu anayeegemea chini. Usitie samadi ikagusa mizizi, itaichoma. Sasa fukia, shindilia kwa viganja, si kwa miguu, kisha mwagia. Mwanate akafanya neno kwa neno, na maji aliyomwagia yalikuwa yale ya mtungi wake wa kunywa, kwa kuwa kisima kilikuwa na chumvi. Akaendelea hivyo kila siku. Siku ambazo mvua ilichelewa, mwaridi ulikunywa kwanza, yeye akanywa baadaye.

Kabla mwezi haujaandama, mzee aliwaita mashahidi, akausia. Alikuwa mtu wa elimu. Alijua kwamba mjane wa mwanawe hana fungu katika mirathi, na kwamba wosia haupewi mrithi wala hauvuki theluthi ya mali. Akasema hivi: "Asiyekuwa mrithi wangu, akaufanya mwaridi huu usimame na kufungua maua misimu mitatu, apewe bustani na chumba kilichomo. Apewe mtu mmoja, isigawanywe, maana haitoshi watu wawili. Usipofungua, bustani irudi kwa warithi." Kisha akafariki, Mungu amrehemu.

Warithi walikuja wakautazama mche wa mzee, kijiti kimoja katika jangwa la mawe, wakaanza kupima mahali pa kujenga ghala.

Msimu wa kwanza mwaridi ukafungua. Watu wakaja kunusa. Msimu wa pili ukafungua zaidi. Msimu wa tatu ukatoa matumba matatu, makubwa, yamefumba, na mji mzima ukajua kuwa zimebaki siku tatu tu. Hapo ndipo Kupi alipokwenda kwa Kadhi kudai bustani. Lali akasikia, naye akaenda kudai. Mwanate alikuwa hana pengine pa kulala. Akaenda akasimama nyuma yao.

Kadhi hakupenda kuhukumu kitu asichokiona. Alikuja bustanini, akaketi juu ya jamvi, warithi ukutani, watu mlangoni.

"Kupi, si wewe uliyesema hutaki kitu, wala leo wala kesho?"

"Nilisema, Bwana Kadhi. Nilisema nikiwa na macho mawili. Mungu hakunisikia, au alinisikia akanijibu kwa namna yake. Lakini pasingekuwa na shimo, mche huu ungepandwa wapi? Juu ya paa? Wacha nikuonyeshe ukuta wa shimo ulivyo, uone kazi ya mkono wangu."

"Na mimi nakuomba uchimbe," akasema Lali, "Bwana Kadhi aone udongo."

Kupi akainama, akafukua kando ya shina kwa ncha ya tindo, taratibu. Udongo mweusi ukaanguka. Ukaonekana mzizi mnene, na mzizi umezunguka kitu cheupe. Kupi alidhani ni tumbawe. Akalifuta kwa kidole gumba.

Halikuwa tumbawe. Lilikuwa taya la mtu, na meno yake yangali yamepangwa, na mzizi umepita katikati ya meno.

"La haula wala quwwata!" Tindo likamponyoka Kupi. Mwanamke mmoja mlangoni akapiga ukelele. Watu waliosogea kunusa maua wakarudi nyuma wakikanyagana. Kadhi mwenyewe alisimama bila kujua kuwa amesimama.

Mwanate hakupiga kelele. Alimtazama Lali.

"Umeutoa wapi?"

"Bi Mwanate..."

"Nakuuliza mara ya pili. Umeutoa wapi?"

Lali akanyoosha mikono yake. "Makaburini. Safu ya ukuta wa baharini. Mwaka ule mawimbi yalikuwa yanakula makaburi, nami peke yangu niliona. Niliokota mifupa yote kwa mikono hii, nikaiswalia, nikaizika upya juu mwinukoni. Udongo ulikuwa unakwenda na maji, Bwana Kadhi! Kesho yake usingekuwepo. Nikasema, kuliko unywewe na bahari, heri unywewe na mwaridi wa Mzee. Huu mfupa ulinipita. Wallahi ulinipita."

"Safu ya ukutani," akasema Mwanate. "Shekue wangu yuko safu ya ukutani."

"Yalifunguka makaburi manne."

"Lake?"

Lali akalitazama taya. Mwanate akayaona maji yote ya mtungi aliyoyamwaga pale kwa miaka mitatu, asubuhi baada ya asubuhi, akiuita mwaridi kwa majina ya mapenzi, na hakujua alikuwa akimwita nani.

Kadhi akasema: "Maiti ana heshima ya aliye hai. Mfupa huu urudi kaburini, na udongo wa makaburi ni wakfu, urudi huko huko. Lakini umefunikwa miaka mitatu. Mkingoja siku hizi tatu matumba yafunguke, nitaandika kuwa mlikuwa na dharura."

"Tungoje," akasema Kupi upesi.

"Tungoje," akasema Lali, akitazama chini.

Warithi wakatazamana. Walijua kuwa mwaridi ukiguswa sasa, matumba yatadondoka, na ghala litajengwa.

Mwanate akapiga magoti kando ya shimo. "Sitalala hata usiku mmoja juu yake," akasema, "awe ni yeye au si yeye."

Hakutaka tindo. Alifukua kwa vidole, pande zote, mpaka mwaridi ukatoka mzima, mizizi ikining'inia. Akauteremsha katika beseni la maji ya mvua, akaanza kuuosha udongo, na mzizi mmoja mmoja akautelezesha katikati ya meno, jino baada ya jino, bila kukata mzizi na bila kuvunja mfupa. Watu waliokuwa mlangoni walisahau kuondoka. Taya lilipotoka alilifunga katika kitambaa cheupe, akampa Lali, na Lali akalipokea kwa mikono miwili, analia. Udongo wote ukarudi makaburini kwa mapakacha yale yale.

Shimo likabaki tupu. Kupi, bila kuambiwa, akaponda matumbawe mpaka yakawa unga wa mchanga. Mwanate akachanganya majani yaliyooza na maganda ya jikoni, akafanya kilima katikati, akaukalisha tena mwaridi, mizizi mitupu kama siku ile ya kwanza.

Siku ya pili tumba moja likadondoka. Jioni yake likadondoka la pili. Siku ya tatu asubuhi, mbele ya Kadhi na warithi, tumba la tatu likafunguka: dogo, limepinda upande mmoja, lakini ni waridi, na lilinukia.

Kadhi akauweka ufunguo wa bustani juu ya jamvi.

Kupi akasema: "Udongo wa Lali umekwisha kurudi ulikotoka. Tumba limefunguka bila udongo wake. Kilichobaki hapa tangu siku ya kwanza hadi leo ni shimo langu, na jicho langu limo humo."

Lali akasema: "Mmeuona udongo uliomo sasa? Chokaa na maganda! Nguvu zilizofungua waridi hili ziliwekwa miaka mitatu, na nilizileta mimi mgongoni. Nilikosea, sikatai. Lakini bahari ingechukua udongo, na mifupa pamoja nao, kama si mimi."

Watu wakamgeukia Mwanate wakingoja ataje maji yake, viganja vyake, na usiku aliokataa kulala. Naye akasema: "Miche ilikuwa minne. Mitatu niliichoma mimi nikimpikia Mzee uji, naye akanisitiri. Na udongo ule nilipoutia mkono, moyo wangu uliniambia hautoki mahali pema. Sikuuliza tena, kwa kuwa nilitaka chumba."

Mlango mzima ukashangaa upya. Mrithi mmoja akasema kwa sauti, "Haya! Huyo ndiye mnayempa?" Lali akamtazama Mwanate kana kwamba anamwona leo.

Kadhi aliuinua ufunguo, akautazama mlango wa kile chumba, akaurudisha juu ya jamvi, akafunika uso kwa kiganja.

Basi nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza, na nyinyi nyote mna midomo: mmoja alitoa jicho kisha akavunja neno lake, mmoja aliokoa mifupa ya wafu wa mji kisha akaiba udongo wao, na mmoja aliuwasha moto, akanyamaza, akanywesha, kisha akang'oa kwa mkono wake kile alichokuwa akikihitaji kuliko wote. Ufunguo ni mmoja, na mzee alikataza kugawanya. Je, mngeuweka katika mkono wa nani?