Jina la Pili Katika Daftari la Msajili

Hapo zamani, na si zamani sana, kwa kuwa mashine yenyewe bado inanguruma, palikuwa na kampuni ndogo ya uchapaji chini ya milima ya Upare. Katika daftari la msajili wa makampuni iliandikwa kuwa ina wakurugenzi wawili, Bwana Mgonja na mkewe Naetwe. Wawili, wasipungue, wasizidi.

Naetwe akafariki. Mgonja akachapa tangazo la msiba, akachapa kadi za shukrani, lakini kwa msajili hakwenda. Kwenye daftari mkewe alikuwa hai, naye hakuona haraka ya kumwondoa.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu. Nakijwa alisoma prufu, yaani kurasa za majaribio, akisaka makosa; Elinihaki aliendesha mashine, Bi Zaituni alijalidi vitabu.

Nakijwa husoma kila karatasi, hata iliyofungia vitumbua. Asubuhi moja akaacha kutafuna.

“Bosi, kwenye gazeti hili tumo. Msajili amepata habari za msiba wetu; kampuni inafutwa leo saa tisa alasiri, tusipoandikisha mkurugenzi wa pili na kuonyesha cheti halisi cha usajili.”

Cheti kikatafutwa, hakikuonekana. Elinihaki akajikuna kichwa. “Mwaka ule mashine ilipoyumba, nilikunja karatasi fulani nikaiweka chini ya mguu wake.”

“Karatasi gani?”

“Ngumu.”

Wakainua mashine. Cheti kilikuwa vipande vinne, cheusi kwa grisi.

“Nipisheni,” akasema Bi Zaituni. Akanyunyiza unga, ukanyonya grisi. Akaunga vipande kwa gundi ya wanga, akakibana kama anavyobana vitabu. Saa nane kikasomeka.

Wote wanne wakaenda kwa msajili. Karani akakiinua cheti. “Kinanukia uji,” akasema, “lakini ni chenyewe. Andikeni jina la pili.”

“Langu,” akasema Nakijwa. “Bila macho yangu mngekuwa mnachapa kwa kampuni isiyokuwepo.”

“Langu,” akasema Elinihaki. “Nani alikumbuka kilipo?”

Bi Zaituni akacheka. “Mwanangu, uliyekificha ndiwe unayejisifu kukiona?”

“Shangazi, vyeti vingine vilikuwa kabatini. Kabati lililiwa na nani?”

Bi Zaituni akakiri: “Na mchwa.”

“Basi. Kilichopona ni kilichokaliwa na chuma.”

“Kilipona vipande vinne,” akasema Bi Zaituni. “Wewe ulileta takataka, mimi nikaleta cheti.”

Mgonja akachukua kalamu. “Kabla sijawaajiri,” akasema, “Naetwe alikuwa akisoma prufu, akiendesha mashine, na jioni akijalidi. Kila mmoja wenu ana theluthi yake.”

“Theluthi haiandikwi humu, mzee,” akasema karani. “Ni jina moja, na zimebaki dakika tano.”

Mgonja akapiga mstari mwembamba juu ya jina la mkewe, taratibu, ili liendelee kusomeka. Chini yake palikuwa na nafasi moja.

Je, wenzangu, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?