Bi Saumu Hajui Kufunga Ganuni

Bosi Mavura, mwenye ofisi ya kutuma mizigo kwa mabasi pale Tanga, alitoza bima kila mzigo na hakuwahi kumlipa mtu. Kitu kikifika kimevunjika, jibu lake lilikuwa lile lile: "Ulifunga vibaya."

Siku moja Bi Saumu, mpiga taarabu, akaja na ganuni, kinanda chake cha nyuzi, amekiviringisha kwenye khanga moja iliyochakaa. Kilikuwa cha kwenda Mwanza.

Bosi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Bibi, kinanda kinafungwa hivi?"

"Ndivyo nijuavyo, mwanangu. Wajuzi ni nyinyi."

Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Bosi akakunja mikono ya shati, akalegeza nyuzi, akazungusha blanketi, akakitia kwenye sanduku la mbao na kujaza sponji kila upande.

"Na hapa pembeni, hapatagonga?"

"Hapo hata tembo akikalia, hakivunjiki!"

"Mashallah, fundi kweli wewe! Basi niandikie kwenye risiti ya bima, wajukuu wasome nani kafunga."

Bosi akaandika jina lake lote, akagonga na mhuri.

Bi Saumu akaifunga risiti kwenye pindo la khanga aliyojitanda. "Ahsante. Kikivunjika, najua nani alifunga vibaya."

Nje, mpagazi alikuwa keshalinyanyua sanduku alirushe ndani ya basi. "Taratibu, we!" Bosi akapiga kelele, akatoka mbio kulipakia mwenyewe.

Aliporudi akihema, foleni nzima ilikuwa imechuchumaa, inafungua mizigo.

"Bosi," akasema wa mbele, "na sisi hatujui kufunga."