Muhogo Wenye Moyo

Paukwa!
Pakawa!
Mliokaa karibu na sufuria sijawasikia. Paukwa!
Pakawaaa!
Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana minada ilikwishakuwapo, Fisi alinunua saa janja. Saa yenyewe ya bei poa, lakini maringo! Kila apitapo ananyoosha mkono: "Saa hii inapima moyo! Saa hii haikosei!"

Siku hiyo Bi Pimbi alikuwa na ugeni. Wakwe wanaleta posa ya binti yake, naye kapika sinia moja tu la mihogo ya nazi, ndiyo iliyopatikana. Kwao sinia haliguswi kabla wakwe hawajanawa. Wakilikuta tupu, wanaondoka na posa yao.

Fisi akaingia, hodi hakupiga. Akachota, akameza. Nyamu! Akachota, akameza. Nyamu! Saa ikatetemeka, vrrr! "Hongera kwa matembezi!"

Bi Pimbi alikuwa karibu kulia. Kumfukuza hawezi, Fisi ana meno, yeye hata mkia hana. Lakini aliposikia saa ikimpongeza mtu aliyekaa kitako, machozi yakakauka.

"Bwana Fisi, kweli hiyo saa haikosei?"

"Haikosei!"

"Hebu ivishe muhogo huu."

Fisi akacheka, akaufunga muhogo saa. Vrrr! Ti-ti! Moyo: sabini na mbili.

Fisi akaacha kutafuna.

"Maskini, u hai," akasema Bi Pimbi. "Tena hauna hata presha."

"Hai au si hai, nitaula!"

"Kula, baba. Ila jipime na wewe kwanza, isije ikasemwa umefia kwangu."

Fisi akajivisha saa juu ya manyoya yake mazito. Vrrr... kimya. Vrrr... kimya. Vistari viwili tu.

"Uwii! Bwana Fisi, umefariki!"

"Mimi? Si nasema nawe hapa?"

"Basi saa ni feki."

Fisi akatazama saa. Akatazama sinia. Akikubali kuwa ni feki, mji mzima utamcheka.

"Si feki," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi pole sana. Maiti hali. Lala hapo pembeni nikufunike kanga."

Fisi akalala. Wakwe wakaja, wakanawa, wakala, wakalamba vidole. Posa ikapokelewa kwa vigelegele.

"Huyo aliyefunikwa ni nani?" akauliza mkwe mmoja. "Mbona tumbo linanguruma?"

"Marehemu," akajibu Bi Pimbi. "Alipenda sana mihogo."

Chini ya kanga saa ikatetemeka, vrrr! "Hongera! Umelala vizuri!"

Fundisho, wanangu: ukinunua kitu cha bei poa, kitetee mpaka mwisho, hata kikikuzika.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, bado hajashiba.