Punda Aliyelowesha Shogi

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula au hamjala? Naita tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Watoto kaeni mbele. Nanyi wakubwa msijifanye mmewasindikiza watoto, maana hadithi ya leo ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana kama sisi, palikuwa na Punda. Punda huyu alikuwa mchota maji wa Mfalme Simba. Kila alfajiri anavaa shogi, yale makapu mawili ya mgongoni, anatia vibuyu, anakwenda kisimani. Kwata, kwata, kwata. Anarudi vibuyu vimejaa. Kwata, kwata, kwata. Jioni analipwa pumba, anawapelekea mkewe na binti yao mdogo, Chausiku. Miaka saba hiyo, hajakosa siku.

Mwaka mmoja ikanyesha mvua, si mvua ya mchezo. Mto ukafura, ukavunja kingo, ukahama njia yake. Maji yalipotulia, mto ukawa unapita mlangoni pa Simba. Simba akitaka kunywa anainamisha kichwa tu.

Akamwita Punda. Simba hakuwa mbaya, tusimsingizie. Alimshukuru, akampa kapu kubwa la pumba la kuagana, akamweleza kuwa maji sasa yanajileta yenyewe, kwa hiyo kazi imekwisha. Punda akasema ahsante. Angesema nini?

Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mkewe. Lile kapu akaona aibu kuingia nalo nyumbani, akalificha nyuma ya kichuguu, akachota kipimo cha siku moja tu. Akafika. Chausiku anacheza uani, mama yake anachochea moto. Mke akamuuliza, kazini kwema? Punda akafungua mdomo aseme ukweli. Mdomo ukasema kwema.

Basi, uongo ukaanzia hapo.

Kesho yake alfajiri Punda akavaa shogi, akaaga, akaondoka. Kwata, kwata, kwata. Anakwenda wapi? Nyuma ya kichuguu. Akakaa. Jua likapanda, jua likashuka. Jioni akapita mtoni, akatumbukiza shogi majini, chubwi, ilowe, mke asije akashtuka. Akarudi nyumbani anatona maji. Kazini kwema? Kwema.

Kesho kutwa hivyo hivyo. Kichuguu. Chubwi. Kwema.

Mnacheka. Chekeni, lakini mimi namhurumia. Kukaa nyuma ya kichuguu mchana kutwa kunachosha kuliko kuchota maji. Punda alihesabu mchwa mpaka akachoka nao. Akawa anajisema moyoni kwamba hafai, kwamba punda asiye na mzigo ni wa nini duniani. Na lile kapu lilikuwa linapungua. Kiangazi kinakuja, Chausiku anakua, pumba zikiisha mtoto atakula nini? Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na hakuwa na wa kumwambia.

Sasa sikilizeni. Mke wa Punda alikuwa na desturi yake. Kila jioni humpaka mumewe mafuta mgongoni, pale kamba ya shogi ilipomchubua. Palikuwa na kidonda pale, cha miaka saba. Jioni moja akapaka, akapapasa, mkono ukasimama.

"Baba Chausiku," akasema, "kidonda chako kimepona."

Punda akainamisha kichwa.

"Miaka saba nakipaka mafuta, hakijawahi kufunga. Leo kimefunga kabisa. Umeacha kubeba tangu lini?"

Punda akalia. Na punda akilia mnamjua, mtaa mzima ulisikia. Akasema yote: mto, Simba, kichuguu, shogi anayoilowesha, siku ishirini za uongo. Mke akamwacha akamaliza. Alikuwa amekasirika, tena sana, na hakuficha.

"Kazi imechukuliwa na mto, siwezi kukukasirikia kwa hilo," akamwambia. "Nimekukasirikia kwa siku ishirini ulizokaa peke yako na mimi nipo."

Kisha akamwekea chakula. Wakalileta lile kapu ndani, wakalichungulia wote wawili. Wakijibana, zilibaki pumba za siku tisa au kumi. Wakakubaliana: mama atakwenda kukata majani ya kuongezea. Baba atatoka asubuhi kutafuta kazi, hadharani, bila kuvaa shogi ya uongo. Na mchana akirudi mikono mitupu hatajilaza. Chochote kilicho mbele ya kwato zake akifanye.

Akatoka. Kwata, kwata, kwata. Nyati akasema mizigo yake anaibeba mwenyewe. Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea, si kwa ubaya, ila alishangaa punda kumbebea tembo. Twiga akamwambia apite baada ya mvua. Mliowahi kutafuta kazi mnaijua hiyo "pita baadaye", mnajua inavyouma.

Punda akarudi nyumbani masikio yamelala. Mchana akaezeka upande wa paa uliokuwa unavuja. Kesho akatafuta tena, akakosa tena. Mchana akambebea jirani kuni. Kesho akakosa. Mchana akasawazisha ua wote. Chausiku akawa anamfuata nyuma, na Punda akajikuta anamfundisha mtoto kusuka kamba, jambo ambalo miaka saba hakupata nafasi ya kulifanya. Jioni masikio yalikuwa yamesimama kidogo.

Siku ya tano akapanda kilimani, upande ambao hajawahi kufika. Akamkuta Kanga anaatamia mayai, mdomo wazi kwa kiu. Zamani mto ulikuwa unapita chini ya kilima kile kile. Ulipohamia kwa Simba, watu wa kilimani wakabaki na mchanga. Kanga akaeleza kwa shida kwamba akiondoka kwenda kunywa, mwewe yuko juu, anayatazama mayai.

Punda akaona haya. Siku ishirini amejificha na vibuyu vitupu, na kilima kizima kina kiu. Hakuuliza malipo, maana Kanga hakuwa na kitu. Akateremka, akapitia vibuyu nyumbani, akachota, akapanda. Kwata, kwata, kwata. Kanga akanywa mpaka macho yakang'aa. Kesho yake Punda akatafuta kazi asubuhi, akakosa, na mchana akampelekea Kanga maji. Na kesho yake. Na kesho yake.

Siku ya tisa kapu likafika chini. Chausiku akakaa mlangoni akilamba vumbi la pumba. Mama yake yumo ndani, hana la kupika. Mara akatokea Ngiri, mzee wa kilimani, akauliza:

"Mtoto, baba yako anafanya kazi gani?"

Mama akasikia, akataka kutoka mbio amjibie. Punda naye alikuwa anakuja nyuma ya nyumba na vibuyu vitupu. Akasikia, akasimama pale pale.

Chausiku akajibu kama mtu anayetaja jina lake: "Baba hana kazi. Asubuhi anatafuta. Saa hizi amekwenda kumpelekea Kanga maji."

Punda akalisikia lile neno alilolikimbia siku ishirini, likisemwa mlangoni kwake mchana kweupe. Wala hakufa. Akapumua, akazunguka nyumba, akamwamkia mgeni.

"Basi ni wewe ninayekutafuta," Ngiri akasema. "Kilimani tumekubaliana tukuombe utuchotee wote. Hatuna cha kifalme. Tutakupa nusu ya pumba alizokuwa anakupa Simba."

Nusu si nyingi. Lakini mtoto alikula jioni ile, akala na kesho yake, na mvua ikamkuta mzima, amenenepa.

Watoto, na nyie wakubwa mnaotazama chini: kazi ikikuishia, si wewe uliyekwisha. Usijifiche, waambie walio wako. Na wakati unatafuta kazi, usiache kufanya kazi.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyesinzia atasimuliwa na mwenzake, na mwenye jambo la kumwambia mkewe akamwambie leo.